Nchi ya Maji, Timu ya Bwawa

WANAMICHEZO wetu saba waliokwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, walirudi nyumbani mikono mitupu, na maneno ya mitaani yalikwisha kuwatangulia uwanja wa ndege. Hapa Mkolani, kando ya barabara iendayo Shinyanga, ambako kila jioni hukusanyika watu wasiokosa jibu la jambo lolote, hukumu kali haikuwaangukia wakimbiaji wanne wa marathoni wala yule mcheza judo. Iliwaangukia waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Ilisemwa kwamba walikwenda kutembea. Ilisemwa kwamba fedha za wananchi zimemwagwa majini. Mzee mmoja aliuliza kama vijana hao walisafirishwa mpaka Ulaya kwenda kuoga, na kicheko kilichofuata kilisikika hadi upande wa pili wa barabara.

Tangu hapo mambo yametulia. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, mwezi Septemba 2025, furaha iliyolienea taifa ilistahili kabisa, na waogeleaji wakasahauliwa. Hakuna tena anayewakumbuka hata kwa kuwacheka. Kwa maoni yetu huu ndio wakati mzuri wa kulirudia jambo lao, kwa kuwa swali la yule mzee lilikuwa zito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Yafaa kwanza ieleweke nini hasa kilitokea Paris. Vijana wetu wote wawili waliogelea mtindo huru, katika mbio fupi, na wote wawili hawakuvuka mchujo wa awali. Katika bwawa hilo hilo Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40 na kuweka rekodi mpya ya dunia, na Sarah Sjöström wa Sweden akashinda mita 50 za wanawake kwa sekunde 23.71. Katika mchezo huu mshindi na anayemfuata mara nyingi hutenganishwa na sehemu chache za mia za sekunde moja. Sisi tulitenganishwa nao kwa sekunde nzima nzima.

Aidha, ieleweke kwamba nafasi zenyewe hatukuzipata kwa kufikia kiwango kilichowekwa. Upo utaratibu wa upendeleo, ambao kwao nchi isiyokuwa na mwogeleaji aliyefikia kiwango huruhusiwa kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili mchezo uonekane ni wa dunia yote. Ni utaratibu huo huo uliomfikisha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta mjini Sydney mwaka 2000. Wenzake wawili waliotakiwa kushindana naye waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake ndani ya bwawa, akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, watu wakishangilia na wakicheka kwa pamoja. Kabla ya siku hizo hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50. Waogeleaji wetu wako mbali sana mbele ya pale alipokuwa Moussambani. Hata hivyo wote wameingia kwa mlango mmoja, na sisi tumekuwa tukiutumia kwa miaka mingi: Magdalena Moshi alituwakilisha Beijing mwaka 2008, London mwaka 2012 na Rio de Janeiro mwaka 2016, na pamoja naye kwa nyakati mbalimbali Khalid Rushaka, Ammaar Ghadiyali na Hilal Hemed Hilal.

Taifa hili linajua kumheshimu mtu anayefika wa mwisho. John Stephen Akhwari alifika wa mwisho katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bendeji, uwanja umekwisha kuanza kuwa mtupu, na hadi leo jina lake hutajwa mbele ya watoto wa shule kama mfano. Hatuoni kwa nini msichana anayeruka ndani ya bwawa la Paris akiwa na bendera yetu kifuani afanyiwe mzaha.

Basi kama ipo lawama, haina budi kutafutwa mahali pengine.

Waogeleaji wetu hutoka wapi? Hutoka zaidi katika vilabu vya Dar es Salaam, katika mabwawa ya shule za kulipia, na wengine ni vijana wetu wanaosoma nchi za nje. Mabwawa hayo ya shule kwa kawaida ni ya mita 25. Bwawa la Olimpiki ni la mita 50. Asiyeujua mchezo anaweza kudhani hiyo ni tofauti ndogo, kwamba maji ni maji tu. Sivyo. Katika bwawa la mita 25, mwenye kuogelea mita 100 huufikia ukuta mara tatu kabla ya kumaliza, na kila mara huusukuma kwa miguu na kuteleza mbali bila kupiga mkono; hapo hupata kasi na pumziko kwa wakati mmoja. Katika bwawa la mita 50 huupata ukuta mara moja tu. Aliyezoea bwawa fupi hufika mahali ambapo mwili wake unangoja ukuta, na ukuta haupo. Wenzetu wa Kenya wanalo bwawa refu pale Kasarani tangu Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na mwaka 2008 Mkenya mmoja, Jason Dunford, aliingia fainali ya mita 100 za mtindo wa kipepeo mjini Beijing akawa wa tano. Bwawa peke yake halileti fainali, na Dunford mwenyewe alinolewa pia katika chuo kikuu huko Marekani. Lakini pasipo bwawa hata mazungumzo ya fainali hayaanzi.

Hatusemi haya kwa kijicho. Mzazi wa Dar es Salaam anayelipa ada, anayeamka alfajiri kumpeleka mtoto wake mazoezini na kumnunulia tiketi ya ndege kwenda mashindanoni anafanya kazi ambayo ingepasa kufanywa na wengi, na kama si yeye tusingekuwa na timu ya kuicheka. Tatizo ni kwamba timu ya taifa imekuwa ikichaguliwa ndani ya ua mdogo sana wa taifa lenyewe. Tanzania ina Bahari ya Hindi upande wa mashariki, Ziwa Tanganyika magharibi, Ziwa Nyasa kusini, na hapa kwetu karibu nusu ya ziwa lenye eneo la kilometa za mraba 68,800. Wapo Watanzania ambao siku zao zote huanza na kuisha juu ya maji. Mwaka 1980 Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, aliyezaliwa kwenye mwambao wa ziwa hili hili, alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Ziwa lilitutolea mkimbiaji. Je, mwogeleaji wa Nansio yuko wapi? Yuko wapi wa Kome, wa Maisome, wa Ukara?

Jibu ni chungu. Watoto wa ziwani, walio wengi, hawajui kuogelea.

Mwandishi wa safu hii anaweza kulisema hilo bila kumsingizia mtu, kwa kuwa yeye ni mmoja wao. Amezaliwa ziwani, amelelewa kwa dagaa na furu, umri wake umevuka miaka arobaini, na hajui kuogelea. Katika chuo alikojifunza Qurani, maalimu alikuwa akiwahadithia wanafunzi kwamba Seyyidna Omar bin Khattab aliwahimiza wazazi wawafundishe watoto wao kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Habari hiyo tuliihifadhi vizuri. Hakuna aliyetupeleka majini, ingawa maji yalikuwa yakionekana kutoka pale tulipokalia mikeka yetu. Baadaye, katika shule ya Serikali, tulifundishwa eneo la ziwa na kina chake na mito iingiayo, tukajibu mtihani na wengi tukafaulu. Nyumbani nako mama alikuwa na mtihani wake. Tukirudi jioni alitushika mkono na kuupitisha ukucha juu ya ngozi; ukibaki mstari mweupe, ulikuwa ushahidi tosha kwamba tulikuwa ziwani, na bakora ikafuata bila maelezo. Hatumlaumu mama. Alikuwa amezika.

Naam, hapo ndipo jambo la michezo linapogeuka kuwa jambo jingine. Mbio alizoshiriki Sophia Latiff mjini Paris zilikuwa za mita 50. Kwa mtu wa Ukara umbali huo una habari yake. Alhamisi tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio, kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya. Kilikuwa kimeidhinishwa kubeba abiria 101. Siku ile kilikuwa na zaidi ya watu 260, pamoja na mizigo. Kilikwisha kukaribia kabisa, watu wamesimama wakijiandaa kushuka na ndugu zao wakiwaona kutoka nchi kavu, kilipolala upande kikapinduka. Taarifa za siku zile zilitaja umbali wa mita 50 hivi kutoka gatini. Watu 228 walikufa. Waliookolewa ni 41, akiwamo fundi mitambo aliyekutwa hai ndani ya chombo baada ya siku mbili, akiwa amejihifadhi penye hewa.

Hatutaki kueleweka vibaya. Msiba ule uliletwa na shehena na uzembe, na hakuna ufundi wa kuogelea uwezao kufuta dhambi ya kujaza watu namna ile. Wengi walifunikwa na chombo chenyewe, na hata bingwa wa dunia angalikuwa chini yake asingetoka. Waliokuwa wakishikana shingo majini walizamishana, aliyejua na asiyejua. Lakini haiwezekani kwamba katika watu wote wale hakuwapo hata kumi, hata watano, ambao wangalifika Bwisya kwa mikono yao kama wangalifundishwa utotoni kuelea, kupumua na kupiga mita 50. Hao watano ndio safu hii inaowazungumzia leo.

Sisi wa Mwanza tunayo makaburi yetu pale Igoma. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei, 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo, mwandishi alikuwa kijana wa shule, na anakumbuka jinsi jiji, ambalo wakati ule lilikuwa bado mji tu, lilivyonyamaza. Hesabu ya waliokufa inatajwa kuwa zaidi ya 800. Novemba 2022, ndege ilipotumbukia ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba na watu 19 wakafa kati ya 43, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Meli na ndege zina majina, na misiba yake hukumbukwa kwa tarehe. Vifo vilivyo vingi havina jina la chombo. Mvuvi wa dagaa huondoka jioni na taa zake, upepo hubadilika usiku, na asubuhi mtumbwi huonekana bila mtu. Mtoto hutumwa maji na ndoo yake ndiyo inayorudi kuelea. Mama aoshaye vyombo juu ya jiwe huteleza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kwamba karibu wote ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani watu kama sisi. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Mwaka 2024 Michezo ya Paris ilifunguliwa kesho yake. Sidhani kama kuna mtu hapa Mkolani aliyeziunganisha siku hizo mbili. Na mimi sikuziunganisha mpaka nilipokaa kuandika haya.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana hoja zao zina uzito.

Wa kwanza husema kwamba ziwa lina kichocho. Ni kweli tupu. Kichocho cha tumbo kimekita mizizi katika mwambao na visiwa vyetu, na watafiti wa taasisi ya tiba ya taifa hapa Mwanza wameandika mengi kukihusu. Lakini watoto wetu wamekwisha kuingia majini tayari: wanachota, wanafua, wanavua, wananywesha ng'ombe. Wanapata kichocho bila kupata ujuzi wa kuogelea. Konokono abebaye ugonjwa hupenda maji tulivu yenye majani, ukingoni. Mahali pa kufundishia panaweza kuchaguliwa, kusafishwa na kupimwa, na dawa ya kutibu ipo na hutolewa shuleni. Wa pili husema mamba na viboko. Hao nao wapo, na hakuna mwenye akili atakayempeleka mtoto penye matete. Wa tatu, ambao ni maofisa zaidi kuliko wananchi, husema hakuna fedha za bwawa.

Wa tatu hao tungependa wautazame mfano wa Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, iliyokuwa ikizika watoto wengi mno kila mwaka. Hawakungoja mabwawa ya vigae. Walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi ya vijiji, yenye sakafu ya mianzi iliyozama kiasi cha kifua cha mtoto na uzio pande zote, wakawafundisha vijana wa vijijini kuwa walimu, na mtoto hahitimu mpaka aweze kuogelea umbali fulani, kuelea, na kumwokoa mwenzake bila kumrukia. Vifo vya kuzama kati ya watoto waliofundishwa vilipungua kwa kiasi kikubwa sana. Mianzi tunayo. Nguzo tunazo, na nyavu, tena zile zinazokamatwa na kuchomwa moto kwa kuwa ni haramu kwa uvuvi, zingeweza kuzunguka eneo la watoto. Vijana wasio na kazi wanaojua maji wapo katika kila mwalo. Nyegezi, mwendo mfupi kutoka hapa Mkolani, kipo chuo cha uvuvi cha Serikali kilichofundisha vizazi vya mabwana samaki. Ukiacha utashi, sijui ni kitu gani hasa kinachokosekana.

Kuhusu watoto wa kike kuna la kusema zaidi, kwa sababu katika jamii zetu za Kiislamu na zisizo za Kiislamu wao ndio wanaozuiwa kwanza. Kaskazini ya Unguja, pale Nungwi, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima, na walimu wao wakiwa wanawake. Wazazi waliokataa mwanzoni walilegea walipoona kwamba heshima haikuvunjwa. Jambo lililowezekana Nungwi, Ukerewe halikosi njia.

Turudi kwenye timu ya taifa, maana msomaji asije akadhani tumeikimbia. Mchezo wa kuogelea una tawi moja ambalo bwawa halihusiki nalo: kuogelea kilometa 10 katika maji ya wazi, ambako kuliingizwa katika Olimpiki mwaka 2008. Huko hakuna ukuta wa kusukuma wala mstari mweusi chini wa kufuata. Kuna mawimbi, kuna baridi, kuna viwiko vya wenzako, na mtu hunyanyua kichwa kuitafuta njia kama afanyavyo nahodha. London mwaka 2012 mbio hizo zilifanyika katika ziwa dogo la kuchimbwa, Serpentine, lililomo ndani ya bustani ya Hyde Park, na mshindi alikuwa Mwafrika, Oussama Mellouli wa Tunisia, ambaye miaka minne kabla alishinda mita 1,500 ndani ya bwawa. Paris waliogelea katika mto Seine, baada ya mabishano marefu juu ya usafi wa maji yake. Dunia inakwenda kuogelea katika dimbwi la bustani na katika mto uliochafuka, nasi tunalo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na hatujawahi kujiuliza kwa dhati kama lina manufaa yoyote kwa mchezo huu.

Wapo watakaosema kuogelea si mchezo wa Mwafrika, kwamba mwili wetu ni mzito majini. Maneno hayo yalipata jibu Seoul mwaka 1988, pale Anthony Nesty, kijana mweusi kutoka Suriname, nchi ambayo wakati ule haikuwa na watu nusu milioni, alipomshinda Matt Biondi wa Marekani katika mita 100 za kipepeo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde: 53.00 kwa 53.01. Mwaka 2021 mjini Tokyo, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, mwenye umri wa miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 akiwa wa mwisho kati ya wanane, akashinda. Na tangu Juni 2025 anayeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ni mwogeleaji wa Zimbabwe, Kirsty Coventry, mwenye medali saba. Katika huyu wa mwisho kuna funzo la upande wa pili pia: alikua katika jamii yenye mabwawa, katika nchi ambayo walio wengi hawakuwa nayo. Ushindi wake haukumfundisha mtoto wa Kariba kuogelea. Kwa hiyo safu hii haiombi medali moja ya kupambia sebule ya taifa huku Ukara ikiendelea kuzama.

Tunachoomba ni kidogo. Chama cha Kuogelea Tanzania kilete kambi na mashindano yake Mwanza, ziwani, hata mara moja kwa mwaka, na kwa siku hizo kiwatafute vijana wa mialoni kwa saa ya mkononi badala ya ada. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili michezo iwe mali ya wananchi wote, liulize ni mikoa mingapi ina mwalimu hata mmoja wa kuogelea. Halmashauri za Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Ilemela na Nyamagana zitenge kila moja mwalo mmoja salama, zianze na shule mbili au tatu. Nchi iliyoweza kujenga daraja la kilometa tatu kutoka Kigongo hadi Busisi, na kujiandalia viwanja vya kandanda kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika tulilopewa pamoja na Kenya na Uganda kwa mwaka 2027, haiwezi kushindwa na nguzo na mianzi. Daraja lile ni fahari yetu, lakini halifiki Ukara. Watu wa visiwa wataendelea kuvuka kwa chombo kwa miaka mingi ijayo, na wahenga walikwisha kusema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, kuna neno lenu pia. Mnapowachapa watoto kwa kuingia ziwani, mnajua kwamba wataingia tena, kwa siri, bila mtu mzima, penye kina wasichokijua. Wapo miongoni mwenu wazee waliovuka mikondo kwa mikono katika ujana wao. Waulizwe walijifunza wapi, na wawafundishe wajukuu wao, kabla ujuzi huo haujazikwa nao.

Mwandishi anatazamia kwenda Ukara kwa shughuli za Chama. Atapanda meli ya Nansio, kisha gari hadi Bugolora, kisha kivuko. Katika meli atakaa, kama ilivyo desturi yake ya miaka yote, karibu na mahali yalipowekwa majaketi okozi, na atayahesabu. Yule mzee wa swali la kuoga amesema wangeweza kufuatana, kwa kuwa ana binti aliyeolewa Bwisya. Tumekubaliana. Yeye pia hajui kuogelea.